Besi Ije, Maneno Yabaki

Hotuba ya kina mama katika sherehe ya Uhuru, Muscat

 

Sisi kina mama tuliombwa tuseme neno juu ya utamaduni wetu ugenini. Tumechagua kuzungumzia albamu moja. Jina lake ni Siti of Unguja, albamu ya kwanza ya Siti Muharam wa Zanzibar, iliyotolewa mwaka 2020 na kampuni ya On the Corner ya London. Mwimbaji huyu ni kitukuu wa Siti binti Saad. Ameimba taarabu ya urithi wake, na mtayarishaji, Sam Jones, ameitilia besi nzito na sauti za mitambo.

Majumbani mwetu albamu hii imeleta ubishi. Wazee wanasema taarabu imeharibiwa. Vijana, wanaotengeneza haus kwenye kompyuta zao baada ya masomo, wanasema hatimaye imefika kwao.

Wazee wetu, kwa heshima tunawakumbusha jambo. Siti binti Saad, binti wa Fumba aliyekuwa akitembeza vyungu, alisafiri mwaka 1928 na wenzake hadi Bombay kurekodi. Santuri za wakati ule zilichukua dakika tatu hivi kwa upande mmoja. Wimbo uliozoea kuimbwa mpaka watu watosheke ulibidi ufupishwe. Mtambo wa kigeni uliigusa taarabu tangu siku hizo, na santuri hizo hizo ndizo zilizoipeleka sauti yake mbali. Hata kuimba kwa Kiswahili kulikuwa jambo jipya, maana taarabu ya kasri ya Sultani ilikuwa ya Kiarabu.

Sasa tunawageukia nyinyi vijana. Nyimbo za Siti zilikuwa gazeti la wasiojua kusoma. Katika wimbo wa Kijiti alisimulia habari ya mwanamke aliyekuja Unguja mgeni kutoka Dar es Salaam, akauawa. Muuaji alikimbilia bara. Waliokwenda kutoa ushahidi ndio waliotiwa ndani. Mahakama ilikwisha kusema yake, lakini wimbo haukukubali mambo yaishie hapo. Mama yule alikuwa mgeni katika mji wa watu. Nasi tulio hapa ni wageni, na wengi wetu ni wanawake tuliokuja kutafuta riziki. Wimbo kama huo ukikatwa maneno ukabakizwa mdundo tu, watu watacheza juu ya msiba bila kujua.

Sisi wauguzi mitambo mipya hatuiogopi. Wodini inatusaidia sana. Lakini kabla ya kuiwasha tunamwuliza mgonjwa jina lake na panapomuuma. Wimbo nao uulizwe hivyo hivyo: wewe ni wa nani, na unasema nini?

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Kwanza, kijana anayetaka kutia besi katika wimbo wa zamani aende kwanza kwa mzee, aeleweshwe kila neno. Watoto wetu wengi waliozaliwa hapa Kiswahili wanakisikia kuliko wanavyokisema, na darsa hiyo itawafaa kuliko kukemewa. Pili, jina la mtunzi liandikwe pamoja na la mtayarishaji, na pesa ikipatikana, wenye haki wapewe fungu lao. Tatu, wazee wasifunge mlango. Asiyefundishwa leo ataokota vipande mtandaoni kesho, navyo havina wa kumweleza maana.

Jumuiya ikitupa chumba hiki Ijumaa moja kwa mwezi, baada ya Alasiri, sisi kina mama tutaleta chai na maandazi. Wazee walete maneno, vijana walete kompyuta.

Tunawatakia nyote sikukuu njema ya Uhuru.