Makanisa Yalipofunga Pombe Marekani

Wamama wengi wanatuuliza: kwa nini kanisa halisukumi serikali ikataze lutuku kabisa hapa Sakania? Uchungu wao tunaujua. Mshahara unaisha kabla haujafika nyumbani, minervali ya watoto inabaki deni.

Lakini lutuku imekatazwa tangu wakati wa Wabelgiji! Wazee wetu walinyimwa pombe kali, huku Wazungu wakiinywa barazani kwao. Basi lutuku ikapikwa usiku, kwa mahindi na muhogo, na mpaka leo inapikwa.

Marekani, makanisa ndiyo yaliyoomba katazo. Wamama walipiga magoti mbele ya milango ya baa, wakaimba na kulia. Januari 1920 sheria ikaanza: kutengeneza, kuuza na kusafirisha vileo, hapana. Tuseme ukweli, miaka ya kwanza ulevi ulipungua, na vifo vya ugonjwa wa ini vikapungua pia. Kisha magendo yakaingia. Bia ni nzito kubeba na ngumu kuficha, kwa hiyo wafanyabiashara walipenda pombe kali. Al Capone wa Chicago akatajirika, polisi wakala rushwa. Divai ya meza ya Bwana iliruhusiwa, basi wakatokea watumishi wa Mungu wa uongo wakiidai kwa wingi (hao hawakosekani nchi yoyote). Serikali ikatia sumu katika alkoholi ya viwandani ili isinywewe. Watu wakainywa hata hivyo, wakafa. Desemba 1933 katazo likafutwa.

Hata karibu yetu. Kenya ilikataza chang'aa kwa sheria ya 1980. Mwaka 2000, Nairobi, pombe ya kificho yenye methanoli iliua watu zaidi ya 100. Mwaka 2010 wakaruhusu chang'aa kwa masharti. Zambia nayo ilikataza tujilijili, vile vifuko vidogo vya pombe kali, mwaka 2012. Sisi wa mpakani tunajua: kitu kikifungwa upande mmoja kinatafuta njia upande mwingine.

Someni Wakolosai sura ya 2. Paulo anaonyesha kwamba makatazo yana sura ya hekima, lakini tamaa ya mwili hayaishindi.

Tena, anayepika lutuku ni nani? Mara nyingi ni mama anayekaa nasi kwenye benchi Jumapili, anayetafuta minervali ileile ambayo mume wa jirani yake ameinywa kwake. Askari akija, anachukua pipa na franka. Kesho yake mama anapika tena, sasa akiwa na deni.

Alhamisi, baada ya maombi, tutakaa na wamama hawa. Polisi hatutawaita. Tutamuuliza kila mmoja deni lake ni kiasi gani, na likelemba ya kanisa inaweza kumwanzishia nini: unga, makala au samaki. Wanaume mtakuja Ijumaa saa kumi na moja jioni, na siku ya mshahara mtakuja pamoja na wake zenu.