Mti Mpya wa Kaya Ribe na Fito Zetu

(Mazungumzo yaliyotolewa kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia, Rabai)

Mwenyekiti alituomba tuseme juu ya kitalu cha miche. Tutafika huko, lakini tutapitia kwanza kwa jirani zetu Waribe, maana huko kuna jambo linalotuhusu.

Mwaka 2022 wataalamu wa mimea walichapisha habari za mti mdogo unaoota katika Kaya Ribe. Haukuwa umeandikwa katika kitabu chochote cha mimea duniani. Si hivyo tu. Haukuingia hata katika ukoo wowote wa karibu uliokuwa ukijulikana, ikabidi ufunguliwe ukoo mpya. Ukoo huo ukaitwa Lukea, kwa heshima ya Quentin Luke, mtaalamu wa mimea ambaye amezunguka misitu ya pwani hii kwa miaka mingi. Mti wenyewe ukaitwa Lukea quentinii. Ana ndugu mmoja tu anayejulikana, naye yuko mbali, katika milima ya Udzungwa kule Tanzania.

Tulipoisimulia habari hii mara ya kwanza, mzee mmoja alicheka akatuuliza: "Huo mti umegunduliwa na nani? Waribe hawakuwa na macho?" Swali lile ni la haki kabisa. Mti ule uliota pale kabla ya mtaalamu yeyote kuzaliwa, na bila shaka kuna mama aliyeupita kila siku akienda kuokota kuni. Wataalamu wakisema "mpya" wana maana kwamba haukuwa umeandikwa. Basi tusigombanie neno, tutazame kazi yenyewe inavyofanyika.

Mtaalamu hukata kitawi chenye majani pamoja na maua au matunda. Kitawi bila ua hakimsaidii sana, kwa sababu majani ya miti mingi yanafanana. Anakilaza ndani ya magazeti, anakibana kwa mbao na kamba, anakikausha. Pembeni anaandika kilipotoka, siku, urefu wa mti, rangi ya ua likiwa bichi (maana likikauka rangi inapotea), na jina ambalo wenyeji wanaliita. Hapo ndipo wazee wetu wanapoingia. Karatasi nyingi zilizohifadhiwa katika Makumbusho ya Taifa, Nairobi, zina majina ya Kimijikenda, na jina hilo mara nyingine ndilo linalomwonyesha mtaalamu kwamba miti miwili anayoiona sawa wenyeji wanaitofautisha.

Kisha inaanza kazi ya kulinganisha, nayo inaweza kuchukua miaka. Kitawi kinawekwa kando ya vingine vya Nairobi, vya Kew kule Uingereza, na vya kwingineko. Mti huu wa Ribe ni jamaa ya mstafeli na mtomoko, miti ambayo wengi wenu mnayo nyumbani. Mkirudi leo, lichumeni ua la mstafeli mlihesabu. Mtakuta petali tatu nene kwa nje, na nyingine tatu ndogo ndani. Huyu wa Ribe kwa kawaida ana tatu tu, mara chache nne, na hazifuniki vizuri vile vilivyomo ndani ya ua. Kwa tofauti kama hizo, na kwa kupima vinasaba pia, wakaridhika kwamba ni kitu cha peke yake. Wakaandika maelezo ya kila kiungo, wakachora picha, wakataja kitawi kimoja kiwe shahidi wa jina hilo daima. Mtu akibisha miaka mia ijayo, ataonyeshwa kitawi kile.

Na wakaongeza sentensi moja iliyotufanya tulete jambo hili hapa. Walisema mti huu uko hatarini kutoweka.

Kuna mtu atauliza, hatarini kwa nini? Kaya si zimehifadhiwa? Ni kweli. Tangu mwaka 1992 Serikali ilianza kuzitangaza kaya kuwa mali ya ukumbusho wa taifa, na mwaka 2008 kaya kadhaa za Mijikenda ziliingia katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, Ribe ikiwamo, na zetu za Rabai pia. Ni heshima kubwa. Lakini nyumba zetu nyingi zinasimama juu ya nini? Boriti na fito. Boriti ni mti mkubwa kidogo, na anayeukata husikika. Fito ni vijiti vya chini ya msitu. Kijana mmoja na panga lake, alfajiri, anatoka na mzigo na hakuna aliyesikia. Ukisimama barabarani msitu unauona mzima, miti mikubwa imesimama, nawe unaenda zako umeridhika. Ingia ndani uone. Chini pamechambuliwa kama mboga.

Na huu mti mpya si mvule wala si mbambakofi. Ni mti mdogo wa chini ya miti. Kwa panga, ni ufito tu.

Mwaka 1977 wataalamu waliukuta mti mmoja mrefu pale Mwarakaya, kwa Wachonyi. Jina lake la kitaalamu leo ni Karomia gigas. Ulikuwa mmoja peke yake. Walipokwenda kuutazama tena miaka michache baadaye, walikuta umekatwa. Hatujui aliyeukata alikuwa na shida gani. Pengine ni shida kama zetu, ada ya shule au paa. Mwaka 1993 mwingine ulionekana kusini mwa Tanzania, mamia ya kilomita kutoka hapa, halafu ukapotea machoni, mpaka mwaka 2011 watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipoukuta tena, miti ya kuhesabika. Tangu wakati huo wanahangaika kuotesha mbegu zake, ambazo hushambuliwa na ukungu. Hapa Kilifi, ambako ulionekana kwanza, hakuna tena unaojulikana.

Sasa tuseme la kwetu sisi wenyewe, maana si vizuri kuwasema vijana wa fito tukajificha. Miaka kadhaa nyuma tulikisaidia kikundi kimoja kupata pesa za kupanda miti. Tulichagua kipande kilichopakana na msitu kwa sababu udongo wake ulikuwa mzuri. Tukaleta majembe na mapanga, tukafyeka "magugu" siku mbili, tukachoma, tukapanda miche mia tatu ya mwarobaini kwa mistari iliyonyooka. Tulipiga picha. Mzee mmoja wa kaya alisimama pembeni akauliza polepole, "Mnafyeka msitu ili mpande msitu?" Tulimjibu kwa adabu kwamba vile ni vichaka tu. Hatukujua jina hata la kimoja kati ya vile tulivyochoma, wala hatukumwuliza, na yeye alikuwa anayajua mengi. Mzee yule ameshafariki. Mwarobaini nao, ambao asili yake ni Asia, umeshika. Ndege wanakula matunda yake na kuzimwaga mbegu ndani ya msitu, ambako hakuna aliyeupanda. Kila tukipita pale tunajisikia vibaya.

Basi kuhusu kitalu, maombi yetu ni haya. Mvinje tuupande kwa wingi, lakini mashambani na kando ya mipaka ya nyumba zetu. Unakua haraka, na wenzetu wa upande wa baharini wanauza boriti zake kila wiki. Mwenye fito zake shambani hana haja ya kuamka alfajiri. Mwarobaini upandwe nyumbani kwa dawa na kivuli, usisogezwe karibu na kaya. Na ukingo wa kaya uachwe na vichaka vyake, usifyekwe na kikundi chochote, hata kikileta barua ya mfadhili, hata barua hiyo ikiwa imetoka kwetu.

Kuingia kaya kutafuta mti mpya, jamani, hapana. Wazee wana taratibu zao, na faini ya mbuzi mnaijua. Akija mgeni anayetaka kuchukua majani au mbegu, mpelekeni kwanza kwa wazee, mwombeni kibali cha NEMA na cha Makumbusho. Kanuni hizo zipo tangu mwaka 2006, nazo zinataka wenyeji waulizwe na wapate sehemu ya faida. Mtaalamu wa kweli hakasiriki akiulizwa karatasi.

Jambo la mwisho ni la daftari. Tumeleta madaftari sita, moja kwa kila kikundi. Kila mwezi vijana wawili wakae na mzee mmoja, waandike majina ya miti na vichaka kwa Kirabai: unaota wapi, unatoa ua mwezi gani, ulikuwa unatumika kwa nini. La dawa ambalo mzee hataki liandikwe, lisiandikwe. Madaftari yatabaki kwa wazee, si ofisini kwetu. Mama mmoja ameshatuambia leo asubuhi kwamba kuna kichaka karibu na kisima chao ambacho bibi yake alikuwa na jina lake, naye amelisahau, ila shangazi yake wa Ribe huenda bado analikumbuka. Amesema atakwenda kumwuliza Jumapili hii, na tumemwekea nauli ya matatu.