Si umri tu

Mzee anayepita Biashara Street, Mombasa, kutafuta kikoi, akishika ukuta kila baada ya maduka mawili, huambiwa ni umri tu. Hapana. Mwaka 2001, mtafiti Linda Fried na wenzake Marekani walitaja dalili tano: kukonda bila kukusudia, uchovu, mkono kukosa nguvu, mwendo kuzorota na kutojishughulisha. Zikikutana tatu, huo ni udhaifu wa uzeeni, na mazoezi na lishe bora husaidia kuupunguza.

Huko Hai, Kilimanjaro, watafiti wa Tanzania na Uingereza waliunda kipimo kifupi cha kuwatambua wazee wenye udhaifu huo. Mombasa nasi tuanze. Muuguzi anayempima bibi presha amwambie pia: nibane mkono kwa nguvu zako zote, kisha tembea hadi mlangoni.