Nundu Iliyotoweka: Juu ya Kutafuta Chembe Nzito



Tarehe 15 Desemba 2015, katika kituo cha utafiti cha CERN karibu na mji wa Geneva, makundi mawili ya wanasayansi yalionyesha michoro yao mbele ya wenzao. Katika kila mchoro palikuwa na mstari ulioteremka taratibu, na katika yote miwili mstari huo ulikuwa na nundu ndogo karibu mahali pale pale. Kama nundu ile ilikuwa ya kweli, basi ilikuwa alama ya chembe isiyopata kujulikana, yenye uzito wa protoni 800 hivi. Katika miezi iliyofuata wanadharia waliandika makala zipatazo 500 kueleza chembe hiyo ni ya namna gani. Agosti 2016, kwenye mkutano wa Chicago, makundi yale yale yalitangaza kwamba nundu haipo tena.

Wapo waliocheka. Hawakuwa na sababu ya kucheka, ila hilo halieleweki mpaka ieleweke kwanza kazi yenyewe inavyofanywa.

Mtambo wa CERN umo ndani ya handaki la mviringo lenye urefu wa kilomita 27, kiasi cha mita 100 chini ya ardhi, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa. Humo protoni huzungushwa zaidi ya mara 11,000 kwa sekunde, nyingine zikienda upande huu na nyingine upande ule, zikiongozwa na sumaku zilizopozwa hadi nyuzi 271 chini ya sifuri. Kisha hugonganishwa. Yafaa ieleweke kwamba chembe nzito inayotafutwa haikufichwa ndani ya protoni kama kokwa ndani ya embe. Huzaliwa papo hapo kutokana na nishati ya mgongano, kwa mujibu wa kanuni aliyoitoa Einstein mwaka 1905 kwamba nishati na uzito (au tungamo, kama wasemavyo walimu wa fizikia) ni kitu kimoja kwa sura mbili. Ikizaliwa, huvunjika kabla ya kuvuka hata upana wa atomu moja. Hakuna aionaye. Kinachoonekana ni vipande vyake, na mtafiti hukadiria uzito wake kama mtu akadiriavyo ukubwa wa mtungi kwa kutazama vigae.

Taabu ni kwamba vigae vya namna hiyo hutoka pia katika migongano ya kawaida. Chembe iliyodhaniwa mwaka 2015 ilitazamiwa kuvunjika na kuwa fotoni mbili, yaani chembe mbili za nuru, lakini fotoni mbili mbili hupatikana kwa wingi bila ya chembe yoyote mpya. Hivyo hapana budi kuhesabu: jozi ngapi zimepatikana kwa kila kiasi cha uzito, na je, mahali fulani zimezidi?

Hapo ndipo bahati inapoingia. Mwalimu akiwapa wanafunzi 1,000 sarafu, na kila mmoja akairusha mara kumi, si ajabu mmoja wao kupata kichwa mara zote kumi. Mwanafunzi huyo hana uchawi. Waliorusha walikuwa wengi. Vivyo hivyo, atazamaye mahali pengi kwenye mchoro ataona nundu mahali fulani. Ndiyo maana wanafizikia wamejiwekea kipimo kikali wakiitacho sigma 5: haitamkwi kwamba chembe imegunduliwa mpaka nundu iwe kubwa kiasi kwamba bahati tupu ingeileta mara moja tu katika majaribio milioni tatu na nusu. Kundi liitwalo ATLAS lilikuwa na sigma 3.6 mahali pale, na baada ya kuzingatia mahali pote palipotazamwa, sigma 2 hivi tu. Kundi la pili, CMS, lilikuwa na pungufu ya hapo. Wala hakuna kundi lililosema kwamba limegundua. Yalionyesha yaliyopatikana, yakakusanya takwimu nyingine zilizozidi zile za kwanza kwa mara nne au tano, na nundu ikafutika.

Kipimo hicho hicho ndicho kilichoipitisha chembe ya Higgs tarehe 4 Julai 2012, baada ya makundi hayo hayo mawili, kila moja na vyombo vyake, kufikia jibu moja. Kabla yake kituo hicho kilizipata chembe za W na Z mwaka 1983, na mwaka 1995 maabara ya Fermilab nchini Marekani ikatangaza kwaki iitwayo top, ambayo kwa uzito wa protoni 184 hivi ndiyo nzito kuliko chembe zote za msingi zinazojulikana.

Tangu 2012 haikupatikana chembe nyingine mpya ya msingi, na sasa lipo pendekezo la handaki la kilomita 91. Makisio yaliyotolewa mwaka 2025 yanataja faranga za Uswisi bilioni 15 hivi kwa hatua ya kwanza. Fedha hizo ni za umma. Watetezi hupenda kukumbusha kwamba mtandao wa wavuti ulibuniwa CERN mwaka 1989; ni kweli, lakini hakuna aliyejenga mtambo ili aupate, na hoja hiyo haitoshi kuombea bilioni. Tofauti iliyo nzito zaidi ni hii: mtambo wa sasa ulipojengwa, nadharia ilisema ama Higgs itapatikana, ama nadharia yenyewe itaanguka. Kwa mtambo ujao hakuna ahadi ya namna hiyo juu ya chembe mpya. Utaweza kuipima Higgs kwa usahihi mkubwa zaidi, na hilo ni jambo la maana linaloweza kutetewa waziwazi mbele ya walipa kodi wa nchi wanachama, ambazo ndizo zenye uamuzi. Anayewaahidi zaidi ya hapo aulizwe makala zile 500 zilikuwa zinaeleza kitu gani.