Tuwape Vijana Ukumbi



Mmetuita tuseme juu ya jambo ambalo limewagawa wazee wa kanisa hili. Wanafunzi wa chuo kikuu wameomba ukumbi wenu ili waanzishe kundi la kisiasa la kisoshalisti. Baadhi yenu mwauliza: je, tuwafungulie mlango watu ambao kesho huenda wakatupinga? Sisi mawakili tulioisoma rasimu ya katiba yao hatukuja kuwahubiria usoshalisti. Tumekuja kutetea haki ya kuunda kundi, na kuwapa vijana wenyewe wosia.

Tuanze na jirani zetu. Mwaka 1967, mwaka wa Azimio la Arusha, wanafunzi wa kisoshalisti katika chuo kikuu cha Dar es Salaam waliunda kundi lililojulikana kwa herufi USARF. Wanachama wake walitoka nchi mbalimbali za Afrika. Walikutana kusoma na kujadiliana, wakaunga mkono wapigania uhuru wa Msumbiji, na mwanahistoria Walter Rodney akawa mwenzao wa karibu. Mwaka 1969 walianzisha jarida lao, Cheche. Humo, mwaka 1970, Issa Shivji alichambua matabaka ndani ya Tanzania yenyewe.

Mwezi wa Novemba mwaka huo huo, serikali ililipiga marufuku kundi pamoja na jarida. Fikirini, ndugu zetu! Serikali iliyojenga Ujamaa iliwanyamazisha wasoshalisti. Chuoni ulibaki umoja wa vijana wa chama tawala. Basi kosa la wanafunzi wale halikuwa itikadi. Kosa lao lilikuwa kufikiri bila kibali.

Nasi Wakenya tusijitoe katika hesabu hiyo. Titus Adungosi, mwenyekiti wa chama cha wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, alifungwa miaka 10 baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982. Hakurudi nyumbani, alifia gerezani mwaka 1988. Kifungu cha 2A, kilichotufanya nchi ya chama kimoja, kilifutwa Desemba 1991, na leo Kifungu cha 36 cha Katiba ya 2010 champa kila mtu haki ya kuunda shirika la aina yoyote. Lakini haki iliyoandikwa yahitaji paa la kukutania. Mwanafunzi asiye na ukumbi ana haki ya karatasi tu.

Sasa twawageukia ninyi vijana. Mwenyekiti wa USARF alikuwa Yoweri Museveni. Alishika madaraka Uganda mwaka 1986. Ukomo wa mihula ya rais uliondolewa katika katiba ya nchi hiyo mwaka 2005, na ukomo wa umri mwaka 2017. Itikadi njema haimzuii mtu kuupenda uongozi. Kinachomzuia ni wenzake. Rasimu yenu yaeleza ubepari kwa kurasa nne, lakini haisemi mwenyekiti ataondoka lini. Andikeni kwamba atahudumu mwaka mmoja, na hatarudi. Andikeni kwamba fedha zitatokana na michango ya wanachama, na kwamba hesabu zitasomwa hadharani kila muhula. Msiwe tawi la mwanasiasa yeyote, kwani anayelipia soda za mkutano hatimaye hutaka kuandika maazimio. Na mkichapa jarida, mwacheni mpinzani wenu apate ukurasa.

Wazee wetu, mwakumbuka mwaka 1992. Akina mama wa wafungwa wa kisiasa walipotimuliwa kwa virungu kutoka Uhuru Park, walipata hifadhi katika Kanisa Kuu la All Saints. Hifadhi ile haikuwa cheti cha kukubaliana na kila wazo la wana wao. Ilikuwa ushuhuda kwamba binadamu hapigwi kwa sababu ya kudai haki.

Hofu yenu kwamba vijana hawa watalikosoa kanisa si ya bure; huenda wakalikosoa kweli. Basi njoni mkae nao, mwajibu. Kanisa linalojua linaamini nini halitishwi na swali la kijana wa miaka ishirini. Tunalolihofia sisi ni siku ambayo vijana watakutana gizani kwa sababu sisi tulishika funguo za ukumbi tukazificha mfukoni.

Wapeni ukumbi.