Siku za Kwanza za Mwanafunzi Ujerumani



Mmeniomba niseme habari za masomo yangu Ujerumani. Nitasema habari za siku za kwanza tu, kwa kuwa ndizo zilizonitisha.

Nilifika Leipzig jioni ya Jumamosi, tarehe 1 Oktoba 2022, nina nusu mkate mkobani. Jumapili maduka ya mtaani yalikuwa yamefungwa. Ndiyo sheria yao. Jumatatu nikatoka alfajiri, nikayakuta yamefungwa vile vile. Kumbe tarehe 3 Oktoba ni sikukuu ya kuungana kwa Ujerumani mbili mwaka 1990! Sikujua bado kwamba katika stesheni kubwa za gari la moshi maduka kadha wa kadha huwa wazi. Nikanywa maji, nikalala.

Jumanne ikaanza kazi ya makaratasi, ambayo sisi makarani twaijua. Mgeni sharti ajiandikishe kwa serikali ya mji katika muda wa wiki mbili tangu kuhamia, naye awe na barua yenye sahihi ya mwenye nyumba. Mwenye nyumba wangu alikuwa safarini. Bila hati ile benki haikunifungulia hesabu. Na bila hesabu, zile euro 861 za kila mwezi, fedha zangu mwenyewe nilizoziweka dhamana kabla ya kupewa ruhusa ya kuingia, hazikutoka.

Kijana mmoja wa Kameruni, ambaye hatukujuana, alinikopesha euro 50. Nilimlipa siku ya kumi na tisa.