Kumsimamia Asiye na Makazi: Mchango wa Wakaazi wa Likoni, Kisauni na Changamwe



Sensa ya familia za mitaani ya mwaka 2018 ilihesabu watu 46,639 nchini Kenya. Mombasa ilikuwa ya pili baada ya Nairobi, kwa watu 7,529. Baadhi yao tunapishana nao kila siku kivukoni Likoni na sokoni Kongowea. Watu wetu si wachoyo. Wanatoa, na Ramadhani wanatoa zaidi. Lakini sadaka ile humfikisha mtu asubuhi tu. Kinachomrudisha barabarani ni kukosa wa kusema, "Huyu namjua, ni wetu."

Tazameni suala la kitambulisho. Bila kitambulisho hupati laini ya simu wala M-Pesa, kupanga chumba ni taabu, na msako ukipita huna la kuonyesha. Ili ukipate, unatakiwa na cheti cha kuzaliwa, karatasi za wazazi, na chifu akukubali. Kijana aliyekulia kwenye baraza za maduka atavitoa wapi? Hapa mkaazi wa kawaida ana kazi ambayo pesa peke yake haiifanyi: kufuatana naye kwa naibu wa chifu, kuitafuta shule aliyosoma hata kama aliishia darasa la pili, kumtafuta shangazi yake Kwale au Kilifi. Mkiambiwa "njooni kesho", kesho mwende. Wengi hukata tamaa hapo, kwa kuwa kijana aliyezoea kufukuzwa harudi peke yake.

Mateja, yaani waraibu wa heroini, nao tusiwapite. Kisauni kuna kliniki ya methadoni, dawa ya kuwasaidia kuacha unga. Kwa kawaida dawa hiyo hunywewa palepale kliniki, kila siku, mbele ya mhudumu. Kukosa nauli siku chache ni kurudi kwenye unga. Jirani anayegharamia nauli hiyo amesaidia kuliko anayetoa noti kubwa mara moja.

Kwa mtoto, pesa mkononi huishia kwenye gundi au kwa mkubwa anayemtuma. Mnunulie chakula, kisha piga 116, simu ya bure ya watoto, au mpeleke kwa afisa wa watoto. Hata kwa nia njema, usimchukue nyumbani kimyakimya.

La kuuma zaidi ni kwamba wengine tunawaona wakielekea barabarani. Mama ameachwa na watoto, kodi imemshinda, mwenye nyumba amepiga kufuli. Mtaa mzima unajua. Kwa matanga na harusi tunachanga jioni moja. Kwa kodi ya mama huyu hatuitani. Na wenye nyumba mlio hapa, nawasihi: kabla ya kufuli, mwiteni mzee wa mtaa.

Uwezo tunao. Agosti 1997, ghasia zilipowatoa watu majumbani Likoni, maelfu walikimbilia Kanisa Katoliki la Likoni, nalo likawapokea.

Napendekeza kila msikiti, kila kanisa na kila stendi ya bodaboda iteue msimamizi mmoja, mwanamume au mwanamke, anayejulikana kwa chifu na kwa afisa wa watoto. Namba yake ibandikwe mlangoni. Majina ya wa kwanza tuyaandike leo, kabla hatujatawanyika.